Nyumba ya zamani, wikendi moja, vifaa sina: nianze na ukarabati au na mtumba?

NyumbaYaKona

Habari zenu wakuu.

Nimehamia nyumba ya zamani. Kuta zake nzito, mbao zake nzuri, ila imekaa muda mrefu bila mtu wa kuijali. Koki ya sinki la jikoni inadondosha maji usiku kucha. Choo ukishavuta, maji hayaachi kuchirizika. Mlango wa chumba cha kulala unakwaruza sakafu upande wa kitasa, mpaka umechora upinde kwenye vigae. Pembeni mwa beseni la kuogea silikoni imekuwa nyeusi. Na nyuma ya kabati kuna doa la unyevu, rangi imetuna na inabanduka.

Vifaa nilivyo navyo ni nyundo na bisibisi. Natafuta drili, ngazi, pimamaji, randa ya kupunguza ule mlango, na meza imara yenye droo ya kufanyia kazi. Vyote nataka vya mtumba. Kwanza mfuko hauruhusu vipya, pili napenda chuma na mbao za zamani.

Nina Jumamosi na Jumapili tu. Mke wangu anasema niwahi mnadani alfajiri kabla vitu vizuri havijachukuliwa, ukarabati ufuate baadaye. Nyie mngepangaje? Na nikikishika kitu mkononi, nitajuaje kuwa ni kizima?

Kamanda_Spana

Shemeji yuko sahihi, mkuu. Vifaa vizuri havifiki saa nne asubuhi. Wahi, beba tochi, beba futi, na usinunue chochote cha umeme ambacho muuzaji hataki kukiwasha mbele yako. Akisema "kilikuwa kinafanya kazi jana", shukuru na uendelee na safari.

BiMsasa

Mdogo wangu, namheshimu Kamanda na namheshimu mkeo, ila mimi ningeanza na nyumba, tena Ijumaa jioni. Sisemi utengeneze. Nasema ufungue, uangalie, upime, uandike. Nusu ya vitu ulivyoorodhesha huenda huvihitaji, na kuna vitu unavihitaji ambavyo hukuviandika. Nimekarabati nyumba niliyomo kwa mikono yangu, chumba baada ya chumba, na kila mara orodha ya sokoni ilibadilika nilipofungua kasoro yenyewe.

Chukua huo mlango. Unataka randa. Kabla ya kutafuta randa, ufungue nusu, ushike kwa mpini, uunyanyue kidogo huku mtu mwingine anaangalia bawaba ya juu. Bawaba ikicheza, mlango haujavimba, umeinama. Skrubu za juu zimelegea na tundu zake zimepanuka, hivyo uzito wote unaangukia upande wa kitasa. Dawa yake haina gharama: toa skrubu, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, zisukume hadi zikaze, acha ikauke vizuri, kata zinazojitokeza, kisha rudisha skrubu. Kama fremu ni nene, weka skrubu moja ndefu zaidi iingie kwenye mbao mpya huko ndani. Ukiuranda mlango uliolegea bawaba, utapunguza mbao nzuri, na siku ukija kukaza bawaba utakuta uwazi chini unaopitisha panya. Kuranda ni kwa mlango ambao bawaba zake zimekaza na bado unagusa.

Choo nacho kipime kwanza. Funua tangi, dondosha matone ya rangi ya chakula, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea kwenye bakuli huku maji ya tangi yakiwa chini ya mdomo wa lile bomba la maji ya ziada, mpira wa kuziba chini ya tangi umechoka au umeshika uchafu. Kama maji yamefika kwenye mdomo wa bomba hilo, tatizo ni boya, limekaa juu mno au koki yake haifungi. Ni kasoro mbili tofauti na vipuri viwili tofauti, na watu wengi hununua vyote kwa kubahatisha.

Koki ya jikoni: tafuta kwanza koki kuu ya nyumba na uone kama inafunga. Kwenye nyumba za zamani koki kuu huenda haijazungushwa miaka mingi. Izungushe pole pole, mbele na nyuma, bila kuitia nguvu. Ikigoma, hiyo ndiyo kazi ya kwanza na hiyo mwachie fundi bomba, kwa sababu ikikatika mkononi huna pa kufungia maji. Ikifunga, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isidumbukie, fungua koki, toa mpira wa ndani. Pitisha kidole pale chini mpira unapokalia. Pakiwa laini, mpira mpya unatosha. Pakiwa na makovu, mpira mpya utatafunwa na baada ya muda mfupi utaanza kusikia matone tena. Na kama ndani hakuna mpira bali kuna kichupa chenye sahani za kauri, kitoe chote uende nacho dukani, maana viko vya vipimo vingi vinavyofanana kwa macho.

Mpira wa koki, mpira wa choo, silikoni na gundi nunua vipya. Hapo sibadilishi msimamo. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa kwenye boksi lake, na silikoni iliyopitwa na wakati haikauki, hubaki ikinata. Mtumba ni wa chuma na mbao.

Ukuta sasa. Huo usiuguse wikendi hii zaidi ya kuupima. Rangi mpya juu ya unyevu itatuna tena. Sogeza kabati mbali na ukuta. Kausha uso wa lile doa, kata kipande cha plastiki, kibandike juu yake kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wa humu humu ndani unaoganda kwenye ukuta baridi usiopata hewa, na dawa yake ni madirisha na nafasi nyuma ya kabati. Ukikuta matone yako nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta wenyewe. Hapo zunguka nje: angalia mfereji wa paa kama umeziba, udongo kama umerundikwa juu ya msingi, bomba kama linapita hapo. Kama kuna unga mweupe ukutani, hiyo ni chumvi iliyoletwa na maji kutoka ndani ya matofali. Ipanguse kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani.

Na kwa kuwa umesema nyumba ni ya zamani na rangi inabanduka, naomba usikwangue wala usipige msasa mkavu. Rangi za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi. Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978, na kwingine ziliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye. Vumbi lake ni sumu, na wanaoumia zaidi ni watoto, hata kwa kiasi kidogo. Lowesha kwanza, kusanya maganda, pangusa kwa kitambaa kibichi, na kitambaa hicho usikirudishe jikoni.

Silikoni ya bafuni iweke Jumamosi usiku baada ya mtu wa mwisho kuoga. Ondoa ya zamani yote, kwa sababu silikoni mpya haishiki juu ya ile ya zamani. Safisha, kausha kabisa. Jaza beseni maji kabla ya kupaka, ili lishuke kwa uzito wake na ule ufa ufunguke kadiri utakavyofunguka. Ukiupaka likiwa tupu, siku ya kwanza mtu akiingia silikoni inavutwa na kuchanika. Paka, lainisha kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, acha siku nzima kabla ya kumwaga maji na kuoga.

Ukimaliza kuzunguka nyumba hivyo ndipo uende mnadani, na hapo shemeji atapata alfajiri yake. Nenda na karatasi yenye vipimo: upana wa mlango unaopitisha meza, urefu wa dari kwa ajili ya ngazi. Nitarudi niandike jinsi ya kukagua, sasa hivi nina kazi ya mkono mmoja.

NyumbaYaKona

Dada BiMsasa, asante sana. Nimeunyanyua mlango muda huu nikisoma. Bawaba ya juu inacheza kabisa, skrubu mbili unaweza kuzitoa kwa vidole. Randa imeshatoka kwenye orodha.

BiMsasa

Randa usiifute, mdogo wangu, ishushe tu chini ya orodha. Ukiikuta nzuri ichukue, utaishi nayo.

Haya, ukaguzi. Pimamaji ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo watu hawaipimi. Ilaze juu ya meza yoyote, hata isiyo sawa. Soma kiputo kimekaa wapi. Igeuze, upande wa kushoto uje kulia, palepale ilipokuwa. Kiputo kikikaa umbali uleule upande uleule wako, pimamaji ni ya kweli. Kikihama, iache hapohapo. Fanya hivyo pia kwa kile kichupa cha wima, ukiiegemeza kwenye nguzo au ukuta. Skwea ya seremala nayo ina kipimo chake: iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa ubao, chora mstari, igeuze upande wa pili, chora tena kutoka nukta ileile. Mistari ikilaliana iko sawa, ikiachana kama mkasi imepinda.

Zana za mkono za chuma ndizo furaha yangu, nitakaa hapa kidogo. Kutu isikutishe. Kutu ya juu, ile nyekundu inayotia vidole rangi, inaondoka: loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, suuza kwa maji yenye magadi ili asidi ife, kausha hapohapo na paka mafuta. Ukiacha unyevu kidogo, kutu inarudi kabla hujamaliza kunawa mikono. Kutu mbaya ni ile iliyochimba vishimo karibu na makali, kwa sababu makali yatakayopatikana yatakuwa na mapengo. Kwenye randa ya chuma, toa kisu uone kimebaki urefu gani, kisha geuza mwili uangalie mdomo, pale kisu kinapotokea. Ufa ukianzia kwenye kona ya mdomo, hiyo iache. Patasi iangalie upande wa nyuma, uwe bapa. Msumeno uweke jichoni uangalie kwa urefu wake kama unavyoangalia ubao: uliojikunja mara moja hauwi mnyoofu tena kwa mikono ya mgeni. Mpini uliovunjika ni kasoro ndogo sana, na mara nyingi ndiyo inayoshusha bei ya kitu kizuri.

Drili chukua ya waya. Ifunge biti iliyonyooka, iwashe, uangalie ncha: ikichora duara hewani, taya au mhimili umepinda. Iache izunguke dakika chache ukiishika. Cheche ndogo za buluu ndani, kwenye matundu ya hewa, ni za kawaida kwa mota yenye brashi za kaboni, na brashi hizo hubadilishwa. Cheche zinazozunguka pete nzima na harufu ya kuungua ni habari nyingine, achana nayo. Kunja waya pale unapoingia kwenye mpini wakati inazunguka. Ikizimika na kuwaka tena, waya umekatika kwa ndani. Kisha soma kibandiko chake. Drili ya volti 110 haichomekwi kwenye umeme wa 230.

Kamanda_Spana

Hapo kwa drili tusikilizane dada. Za betri zipo nzuri, tena nyepesi, na hana haja ya kuburuta waya juu ya ngazi.

BiMsasa

Kamanda, mashine yenyewe sibishani nayo. Nabishana na betri. Betri huisha uwezo kwa umri hata ikiwa haijatumika sana, na muuzaji akikuonyesha inazunguka hewani hujaona inavyofanya ikikutana na ukuta. Kama atapata ile ambayo betri yake mpya bado inauzwa, na akahesabu bei ya betri mpya ndani ya bei ya drili, achukue kwa moyo mweupe.

MamaWawili

Naongezea vichache kwa sababu vitu hivi huuzwa meza zilezile na mtu hushawishika.

Kofia ya pikipiki au baiskeli na kiti cha mtoto cha garini usinunue vya mtumba kutoka kwa usiyemjua. Vikishapata ajali moja, ule ulinzi wa ndani unaweza kuwa umeisha na kwa nje usione chochote. Mpira wa gesi na regyuleta, vipya. Godoro na kochi la kitambaa, angalia kwenye mishono na chini ya vifungo kwa tochi: madoa madogo meusi ni dalili ya kunguni, na kunguni ukishawaingiza ndani, hiyo wikendi utaikumbuka mwaka mzima.

Kwenye ngazi: ya mbao iliyopakwa rangi usiiguse. Rangi inaficha nyufa. Ya mbao tupu au iliyopakwa mafuta unaweza kuikagua. Ya alumini ilaze chini uone kama miguu yote inagusa, na pitisha mkono kwenye kila kipandio, hasa pale kinapoungana na nguzo. Miguu ya mpira iliyoisha inabadilishwa. Nguzo iliyokunjwa na kunyooshwa haifai tena. Na ukiitumia, kila mita nne za kwenda juu, kitako kiwe mita moja kutoka ukutani.

NyumbaYaKona

Naleta mrejesho wa Jumapili mchana.

Rangi ilitokea kwenye bakuli la choo, nimebadilisha mpira, kimya. Koki ya jikoni ilikuwa na mpira na pale chini palikuwa laini, nayo imenyamaza. Njiti zinakauka kwenye bawaba. Silikoni iko bafuni, beseni limejaa maji na hakuna anayeruhusiwa kuingia. Plastiki iko ukutani.

Mnadani tulienda na mke wangu. Pimamaji ya kwanza niliyoshika ilihama kiputo, ya pili ikatulia, nikaichukua. Drili ya waya nimepata, nzito, haina harufu. Ngazi sikupata, zote mbili zilizokuwepo zilipakwa rangi. Nimepata meza. Mbao tupu, droo imeungwa kwa meno yaliyopanuka mwishoni, hakuna msumari hata mmoja. Kuna vitundu vichache vya wadudu wa mbao mguuni lakini nimeigonga juu ya karatasi nyeupe, hakuna unga uliodondoka. Shida yake ni mguu mmoja unaolegea pale unapoingia kwenye fremu. Gundi ya zamani inaonekana, ya kahawia, inavunjika vunjika kama kioo. Nimwage gundi mpya niikaze kwa skrubu?

BiMsasa

Hapana skrubu, nakuomba. Umepata meza ambayo mtu aliijenga kwa subira, skrubu itapasua ulimi ule wa mbao ulioingia kwenye fremu, na baada ya hapo hakuna atakayeirudisha.

Gundi ya kahawia inayovunjika kama kioo karibu hakika ni gundi ya wanyama, ya kuchemshwa. Uzuri wake ni kwamba inaachia kwa maji ya moto. Usiimwagie gundi mpya juu: gundi ya kisasa ya mbao inahitaji kunywewa na mbao, na pale gundi ya zamani imeziba vinyweleo hakuna kitakachonywa. Toa mguu wote. Kama haujatoka, lowesha kitambaa kwa maji ya moto, uzungushie kwenye kiungo, subiri, uuyumbishe taratibu, rudia. Usiupige kwa nyundo. Ukilazimika, weka kipande cha ubao katikati. Ukitoka, futa gundi laini ikiwa bado ina joto, ulimini na ndani ya tundu, mpaka uone mbao tupu. Acha kiungo kikauke hadi kesho, usiunge mbao iliyolowa.

Jaribu kuunga bila gundi kwanza. Ulimi ukiwa bado unacheza, bandika juu yake kipande chembamba cha mbao, kama maranda mazito, upunguze hadi uingie kwa kusukuma kwa mkono. Ndipo upake gundi ya mbao pande zote mbili, uingize. Kama huna jiriwa, funga kamba mizunguko miwili kuzunguka miguu, pitisha kijiti katikati ya kamba, kizungushe hadi ikaze, ukiegemeze kwenye fremu kisirudi. Weka vitambaa pembeni kamba isikate mbao.

Kabla gundi haijashika, na hapa usiwe na haraka, pima kutoka kona hadi kona, mshazari mmoja na wa pili, usawa wa juu na usawa wa chini ya miguu. Vipimo vikilingana pembe za meza ziko sawa. Visipolingana, legeza kamba, sukuma ule mshazari mrefu kwa kiganja, kaza tena, pima tena. Futa gundi iliyochuruzika kwa kitambaa chenye maji sasa hivi, usingoje ikauke. Iache usiku mzima juu ya sakafu iliyo sawa, na hiyo pimamaji yako itakuambia sakafu ipi.